Shimo la Sahare

Daktari wa viungo pale Bombo alisema hivi:
"Maji yatambeba. Mguu unaokataa nchi kavu
hukubali maji." Akaandika, akagonga muhuri,
kana kwamba maji ni dawa ya kuchukua dirishani.

Bahari ipo. Toka mlangoni kwetu hadi ufukweni
ni hatua mia tatu na kitu, za mtu mzima wa afya.
Lakini Mwinjuma, aliyebeba marobota ya mkonge
miaka thelathini bila kuomba bega la mwenziwe,
hakutaka kubebwa mbele ya wavulana wa mpira.
"Nichimbie hapa," akasema, kwa nusu ya mdomo inayosema.
Nikauza kiwanja cha Pongwe.

Majirani walihesabu tripu za kokoto.
Kuna aliyesema mwanangu kapata kazi ya mafuta Maskati,
kuna aliyeuliza kama tutatoza kiingilio.
Sikujibu. Nilikuwa na daftari langu:
nondo, saruji mifuko arobaini na sita,
waya wa kufungia, chai ya vibarua,
chai tena, maana ile ya kwanza, walisema, ilikuwa nyepesi.

Fundi Semhando alikuja na kamba, vigingi na pima maji,
akanionyesha kile kipovu
kinavyoitafuta katikati na kuikataa.
"Ardhi yako imeinama, mama. Inasikiliza bahari."
Nilidhani ni maneno ya kupandishia bei.

Futi ya pili, mchanga mweusi.
Futi ya nne, jiwe la matumbawe; sururu zikadunda,
mpini ukavunjika, Kibwana akakaa chini akacheka.
Ndani ya jiwe, kombe moja, limefumba kinywa.
Futi ya sita, asubuhi ya bamvua,
shimo limejaa maji ambayo hakuna aliyeyaleta.

Tukavuta kwa pampu. Yakapwa, yakarudi,
saa zilezile za bahari, kama mdai
asiyegombana, anayebisha hodi tu.
Semhando akavua kofia.
"Usiogope kujaa, mama, ogopa utupu.
Bwawa tupu huinuka likatoka ardhini, zege na yote.
Likijaa, litatulia."
Nikayaandika hayo pia, ukurasa wa saruji.

Usiku ule niliamka, upande wake wa kitanda u baridi.
Mkongojo umelala juu ya rundo la nondo.
Mume wangu yumo shimoni,
maji yamemfika kifuani,
maji ya kahawia, ya tope na chumvi,
na amesimama. Amesimama, nasema, kwa miguu yote miwili,
mkono mmoja umeshika ngazi ya miti ya vibarua.
Nilitaka kupiga kelele,
kuhusu ncha za nondo, kuhusu pepopunda.
Nikaitua kanga ya begani,
nikakaa ukingoni, nikatumbukiza miguu.
"Haya hatujamlipa mtu," akasema.
Maneno mengi kuliko yote tangu Rajabu.

Lilimalizika, ndiyo, mwezi wa kumi na moja.
Vigae vya buluu, vitatu vimepinda, ukivijua utaviona.
Maboza manne ya maji, risiti ninazo.
Klorini inamwasha macho.
Anashuka vidato sita, anavihesabu, anatembea
ukuta hadi ukuta kama mtu aliyesahau kitu,
na yule jirani wa kiingilio
humleta mjukuu wake kila Jumamosi, na taulo letu.

Lakini bamvua ikifika namkuta
ameegemeza sikio kwenye kigae, pembe ya mashariki,
anayasikiliza kule nyuma yale maji mengine
yanayobisha.
Mimi nimebaki na deni la fundi, laki mbili na nusu,
na lile kombe, dirishani, halijafumbua kinywa.